Chuo Nilichokijua kwa Barua

Sisi tuliokulia Tanga kabla ya simu za mkononi tulikuwa na ratiba yetu. Asubuhi mchakamchaka, vumbi mpaka puani. Mchana ugali na dagaa. Jioni rede, kukwepa mpira wa matambara, mpaka mama akuite kwa jina lako na la baba yako, hapo unajua kichapo hakiko mbali. Embe bichi tulilila na chumvi na pilipili hadi meno yakaingia ganzi. Vijana wa leo ukiwapa embe bichi wanauliza kama kuna sosi.

Lakini utoto wangu ulikuwa na mwiba mmoja, na acha niutaje mapema: nilimwonea wivu kaka yangu Salimu. Si ule wivu wa nani kapewa paja la kuku. Wivu hasa, wa kukufanya usile. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani kila muhula, yeye enzi zake alibahatisha nafasi ya saba, ya nane. Serikali ilipotangaza nafasi za kwenda kusoma India, yeye ndiye alikuwa kamaliza kidato cha sita, akapanda ndege. Mimi nilikuwa darasa la sita, nikabaki napepeta mchele. Mama aliponiona nimenuna alisema, "Zuhura, wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda." Nilikuwa mwembamba tayari, sikuona hasara.

Barua yake ya kwanza ilieleza chuo chenyewe. Ni chuo cha serikali, kikongwe, cha tangu enzi za Mwingereza. Kilianzia kwenye nyumba ya kupanga, mwalimu mmoja na wanafunzi wanne, kisha watu wa mji ule wakachangishana, mwenye duka na muuza mboga, hadi likasimama jengo la mawe. Ofisini kuna kitabu kikubwa ambamo kila mwanafunzi mpya huandika jina lake kwa mkono wake, tangu wale wanne wa kwanza. Salimu, ambaye nyumbani alikuwa hajui hata kutandika kitanda, sasa jina lake limo katika kitabu kimoja na majaji na mawaziri wa watu. Niliisoma barua ile huku natamani jina lile liwe langu.

Na niliisoma mimi kwa sababu hapakuwa na mwingine. Baba alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, mama alisoma Kurani tu. Basi ikawa ada: barua ikifika, ile karatasi ya buluu inayokunjwa ikajifanya bahasha, haifunguliwi mpaka Ijumaa. Wanaume wakitoka msikitini, pilau ikishaliwa, majirani wanajisogeza mkekani, baba anasema, "Haya, tumsikie Salimu." Mimi nasimama nasoma.

Barua ya pili niliifungua mbele ya watu vilevile. Kabla ya kutoa sauti nikaipitisha macho. Salimu alikuwa analia. Bwaloni hakuna anayekaa meza yake. Wenzake wanamshika nywele wanacheka. Masomo yanakimbia, paa linavuja juu ya kitanda chake. Mwisho aliandika: "Baba, naomba ruhusa nirudi nyumbani. Ukisema rudi, nitarudi."

Nikasoma kwa sauti kwamba Salimu ni mzima, anawasalimu wote, marafiki anao tele, chakula kizuri, na anamshukuru baba kwa kumlea.

Nisijitetee. Niliona nafasi niliyoililia mimi, yeye anataka kuitupa kama ganda la ndizi. Na nilijua akirudi atapikiwa biriani, atapokewa kama kashinda vita. Nikasema moyoni, akae hukohuko aisome ile bahati yake. Baba akafurahi mpaka akapangusa macho, akaniamuru nikalete kalamu. Nikaandika kila alichonitamkia: "Mwanangu, barua yako imetufurahisha mno. Endelea hivyohivyo, usibadilishe kitu." Nikalamba ukingo, nikafunga.

Baada ya hapo zikaanza kuja barua nyingine kabisa. Mnara wa saa unaosikika mji mzima. Maktaba yenye ngazi za kupandia, na mzee mtunza vitabu asiyehitaji orodha. Bustani ya waridi chini ya dirisha lake. Wanafunzi waligoma kwa ajili ya sukari ya chai, wakashinda. Siku ya sherehe ya mwaka Salimu aliimba kwa Kiswahili, ukumbi mzima ukasimama. Majirani walipiga makofi mkekani kwetu, na mimi niliyekuwa nikisoma nilitamani kuichana ile karatasi. Nyuma ya nyumba nilianzisha chuo changu, nikawa mkuu wa chuo, kengele yangu ringi ya baiskeli. Watoto wenzangu niliwaandikisha majina kwenye daftari kabla ya kucheza, asiyetaka nikamfukuza. Hadi leo ningeweza kukuchorea chuo kile, mnara huku, bustani kule.

Zamu yangu haikuja. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza cherehani, nikaolewa, kazi ya mume wangu ikatuleta Durban, hapo nikamzaa Rehema. Mungu naye ana utani wake: alininyima India, akanileta mji ambao nusu ya maduka yananukia binzari. Kibandani kwangu Pinetown, nje kidogo ya mji, nawashonea mabibi wa Kihindi blauzi za sari. Nikiwauliza India ikoje, wananijibu hawajawahi kufika. Jirani yangu wa meza ya pili, Mama Furaha wa Bukavu, hunicheka: "Eish, Mama Rehema, uko na ile wivu mpaka leo? Kaka yako iko muzee sasa."

Muzee kweli. Mwezi uliopita Salimu alipita Durban, siku hizi mhandisi mstaafu anayeishi Lusaka, ametoka India kwenye mkutano wa waliosoma chuo kile. Nilimpikia wali wa nazi nyumbani kwangu Queensburgh, akaketi kochini ananionyesha picha kwenye simu. Mimi namsogelea bega kwa bega, moyo unaniwasha kama nina miaka kumi na miwili. Nikamuuliza mnara uko upande gani, mbona hauonekani.

"Mnara gani?"

"Wa saa, kaka."

Akacheka kidogo. "Zuhura, pale hapajawahi kuwa na mnara."

Nikauliza bustani. Akasema dirisha lake lilitazama ukuta wa jiko. Nikauliza siku aliyoimba. Akasema hakuimba popote, mwaka wote wa kwanza hakuna aliyemwita jina lake.

"Nilimwandikia baba kwamba nateseka," alisema. "Akanijibu barua yangu imemfurahisha. Imemfurahisha, Zuhura. Aniambie nisibadilishe kitu. Nikasema basi, kama mzee anataka furaha, nitamtungia. Nikamtungia miaka minne."

Ningeweza kunyamaza. Nimenyamaza maisha yangu yote na hakuna aliyejua. Lakini nilimtazama zile mvi, nikasema, "Kaka, barua ile baba hakuisikia. Nilisoma maneno yangu. Nilikuonea wivu."

Akaiweka simu mezani. Hakupaza sauti. Alijipapasa goti, kisha akasema, "Mimi sikwenda kumzika baba kwa sababu ya jibu lile."

Aliondoka kesho yake asubuhi. Alinipa mkono, hakunikumbatia. Tangu hapo hajapiga simu, nami namba yake naitazama tu.

Binti yangu Rehema anasoma Cape Town. Wali ukiwa mgumu anapiga video, akipata alama mbaya anapiga video, pua nyekundu imejaa kioo kizima. Nilizoea kumcheka, nikimwambia enzi zetu tulivumilia, hatukuwa kizazi cha mayai. Juzi alipiga analia, nikaacha cherehani nikamsikiliza mpaka akamaliza mwenyewe. Tunazisifu sana enzi zetu kwa subira na heshima. Lakini enzi zetu mtoto alimlilia baba yake, na baba akaenda kaburini hajui kama aliitwa.