Ruhusa ya Kufuta

Jamani, nayasema haya huku masikio yakiniwaka. Mimi ni fundi wa kompyuta kwenye ghala la machungwa hapa Muheza. Juzi nilibadilisha mfumo wa kompyuta kubwa, nikaujenga upya kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi ya programu, maana najiona fundi, sitaki kilichopikwa na mwingine. Ulipowaka, yakabaki mafaili ya mfumo wa zamani. Kuyafuta bila kuuliza ni hatari, huenda kuna programu bado inayategemea. Nikamwendea Bi Salma, mwenye ghala.

"Shikamoo Bi Salma. Naomba ruhusa nifute mafaili ya zamani."

"Marahaba mwanangu. Futa, tena nilitaka kukwambia."

"Hakuna anayeyatumia?"

"Nani ayatumie? Hayo hata kuyagusa mtu hataki."

Nikasema moyoni, kumbe mama huyu anaijua kompyuta. Mashine ikaniuliza faili moja moja, nami nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi mwenye haraka.

Kisha programu ya mizani ya kupimia malori ikagoma kufunguka. Nje malori yamejaa machungwa, madereva wanapiga honi, jua linapanda. Nikawa nakosea hata nywila yangu mwenyewe. Nilijipa moyo kwa jambo moja tu: ruhusa nilipewa, tena na mwenye mali.

Ndipo Bi Salma akaingia na ndoo ya maji na kitambaa. Akapitisha kidole juu ya kabati la mafaili ya karatasi, akanionyesha vumbi.

"Mwanangu, asubuhi yote hii umefuta nini?"