Balbu za Pijo la Baba

Nakumbuka Ijumaa moja gari la baba yangu lilirudi nyumbani Msambweni likiwa chongo. Taa ya kushoto ilikuwa imezimika njiani, na ya kulia ilikuwa ikimulika kwa kujikokota, na bado sisi wa nyumbani tulilisifu kuwa hakuna gari kama lile. Akipenda, chongo huita kengeza. Lilikuwa Pijo la rangi ya maziwa, na baba alilipenda kiasi cha kulifuta vumbi kabla hajanawa uso wake.

Mwanangu, leo umeniletea kiboksi cha balbu kutoka Ukunda, umekiweka juu ya mkeka wangu, ukaniambia, "Bibi, hizi ndizo za kisasa," kisha ukaenda zako kuoga. Nimekifungua ulipokuwa bafuni. Ni nzuri, zina rangi ya samawati ya kupendeza kama kito cha pete. Sikatai. Lakini kabla hujazitia kwenye gari langu, kaa hapa nikueleze jinsi nilivyopata kuwa dereva, maana niliupata udereva kwa sababu ya balbu, na jambo hilo najivunia mpaka leo. Uzee una raha chache, na kujisifu ni mojawapo, kwa hiyo nivumilie.

Baba alikuwa akikodiwa na watu wote wa upande wetu. Alipeleka maharusi, alipeleka wagonjwa, alishusha machungwa kutoka Kikoneni. Lakini macho yake yalianza kuingia ukungu. Daktari alimwambia ni mtoto wa jicho, na zamu yake ya kupasuliwa ilikuwa bado. Mchana alijikaza. Jua likishatua, kila gari lililomjia lilimtoa machozi. Ndipo akatuita, mimi na kaka yangu Athumani, akasema kuwa hataendesha tena baada ya Magharibi, na kwamba ufunguo atampa mmoja wetu.

Sote wawili alitufundisha yeye mwenyewe, na sote tulikuwa na leseni. Lakini hakuna mtu pale mtaani aliyekuwa na shaka ufunguo ungekwenda kwa nani. Athumani alikuwa mwanamume, tena mkubwa wangu. Mimi nilikuwa msichana wa kusuka makuti na mama, na shangazi zangu walikuwa wameshasema kuwa usukani haumpatii msichana mume. (Babu yako aliniposa nikiwa chini ya gari nimelowa oili, lakini hayo nitakusimulia siku nyingine.) Niliutaka ule ufunguo, mwanangu. Wala sikumwambia mtu, kwa kuwa nilijua ningechekwa.

Baba hakutaka maneno mengi. Alisema balbu zote mbili zimechoka, basi kila mmoja wetu aende Ukunda akalete jozi anayoona inafaa, azitie, naye ataziangalia kisha aamue.

Athumani alitangulia asubuhi. Mimi nilikwenda mchana, na ile balbu iliyoungua nimeifunga kwenye pindo la leso. Muuzaji alikuwa kijana wa bara, mcheshi, mwenye ulimi wa asali. Aliitazama balbu yangu akacheka. "Madam, hizi za kizamani siku hizi nani anaweka? Chukua kama za yule ndugu yako. Hizo ni moto, zinamulika mpaka Lunga Lunga." Akaniwashia moja juu ya meza. Nakwambia kweli, duka zima lilijaa mwanga, na moyo wangu ukaipenda papo hapo. Nilifikiri, nikirudi na kitu hafifu kuliko cha Athumani, nimeshajishinda mwenyewe kabla ya kushindana.

Lakini macho yangu yalikuwa bado yanaona vidoa vyekundu kwa sababu ya ule mwanga, na vile vidoa vikanikumbusha mama. Tulikuwa tukirudi kutoka shamba, mimi na yeye, kuni kichwani, buibui lake jeusi, na giza linaanza kushika. Likaja gari la watalii na taa kama hizo. Mama alisimama. Hakujua barabara iko wapi wala mtaro uko wapi. Alitua mzigo, akakaa chini kwenye majani, akanivuta nikae naye, tukangoja mpaka lipite. Alisema neno moja tu: "Huyu anajiona yeye." Kisha tukajitwika tukaendelea.

Basi nikamwambia yule kijana anipe ndugu wa balbu yangu, mwenye miguu mitatu kama yeye na namba zilezile zilizochapwa kwenye kitako chake: wati sitini kwa hamsini na tano. Alitafuta mpaka akazipata mbili nyuma ya rafu, kiboksi kimeshika vumbi. Aliniuzia kwa huruma. Nilizifunga pindoni nikarudi nazo, nikijiambia njia nzima kwamba usiache mbachao kwa msala upitao, na methali yenyewe hainitulizi hata kidogo.

Jioni ile habari ilikuwa imeshaenea. Waliotoka kuswali Magharibi walipita moja kwa moja uani kwetu. Athumani alitia balbu zake kwanza. Alipowasha, watu walipiga ukelele wa furaha. Mnazi wa mwisho wa shamba, ambao hata mchana huwa hatuutazami, ulionekana mpaka makuti yake. Shangazi alisema huyo ndiye dereva. Tulijipanga nyuma ya gari, wakubwa kwa wadogo, tukitazama mwanga unavyokwenda, na mimi nilikuwa miongoni mwao, leso yangu imebana zile balbu mbili za vumbi, naona aibu kuzitoa.

Tulidhani baba atapanda kwenye usukani atazame. Hakupanda. Alimwambia Athumani azime, akachukua bakora yake, akatembea kwa njia ya mchanga mpaka karibu na ule mnazi. Akageuka. "Washa," alisema, "niwajie."

Athumani akawasha. Baba alipiga hatua kadhaa, akaweka mkono usoni. Akapiga nyingine, akapinda kushoto. Mimi niliona kwamba ameiacha njia, lakini yeye hakuona. Bakora ilikuwa ikipapasa hewani. Akaingia kwenye mihogo, akasimama humo katikati ya mashina, mzee aliyezaliwa kwenye kiwanja kile, hajui nyumba yake iko wapi. Ile furaha ya watu ilikatika.

"Zima," alisema baba. Hakupaza sauti. "Nimepotea mbele ya nyumba yangu mwenyewe."

Athumani alizima akamkimbilia, akamshika mkono akamrudisha njiani. Tulipofungua boneti kutoa zile balbu, plagi ya plastiki ilikuwa imeanza kunuka kuungua, kwa kuwa waya za gari lile hazikuumbiwa moto ule. Nikatia zangu. Nilizishika kwa ncha ya leso safi, si kwa vidole vyenye mafuta, kama baba alivyotufundisha. Nilipowasha, hakuna aliyeshangilia. Mwanga ulikuwa wa manjano kidogo, umelala chini barabarani, na ule mnazi ulionekana nusu. Nilimsikia mtu akisema afadhali karabai.

Baba akaanza kuja. Alitembea polepole, bakora ikigonga mchanga, akapita mihogo, akapita kisima, akazidi kunikaribia. Hakuweka mkono usoni. Nilikuwa nimekaa kwenye usukani, na nilimwona akitabasamu kabla hajafika. Alikuja mpaka kwenye gari akaweka kiganja juu ya boneti, kama mtu anavyomwekea mtoto mkono kichwani. Kisha akatia mkono mfukoni, akanipa ufunguo dirishani.

Nami nikaharibu. Nilimtazama Athumani, ana majani ya mihogo begani, nikacheka. Baba alikuwa hajaondoka dirishani. "Sikukupa ufunguo umcheke ndugu yako," aliniambia. "Nimekupa uwafikishe watu kwao, na wale utakaokutana nao njiani wafike kwao pia." Athumani, Mungu amzidishie, hakuweka kinyongo. Kesho yake alinisaidia kulisimamisha Pijo kwenye ukuta wa chokaa, tukapima mwanga na kuushusha mpaka ukakaa sawa. Mpaka leo, akiwapeleka wageni Wasini, huwasimulia jinsi taa zake zilivyokuwa kali hata mzee akapotelea mihogoni, na anavyoisimulia utadhani yeye ndiye aliyeshinda.

Baadaye nilimuuliza baba kwa nini hakupanda kwenye usukani akaangalia kama kila mtu. Alisema mtu akikaa kwenye usukani ataipenda kila balbu, kwa kuwa mwamba ngozi huvutia kwake. Akasema yale macho mabovu yaliyomnyang'anya gari ndiyo yaliyokuwa mizani nzuri kuliko zote, kwani barabara hii hupitwa na wazee na akina mama wenye mizigo, si na vijana wenye macho ya mwewe peke yao. Na nilimsikia kwa masikio yangu, nikipita karibu na msikiti, akiwaambia wenzake, "Dereva wangu ni binti yangu." Nimeendesha Pijo lile miaka mingi, mwanangu. Nimepeleka akina mama wenye uchungu wa uzazi hospitali kwenye mvua ya masika, barabara ya Kikoneni ikiwa tope tupu, na ule mwanga wa manjano waliousema ukaonyesha kila shimo. Lakini hakuna sifa niliyopata iliyofikia ile.

Basi ukitaka balbu, anza na ile iliyotoka. Nenda nayo dukani, uombe mwenzake kwa umbo na kwa nguvu, wala usimwachie muuzaji akuchagulie kwa kukuwashia mezani, kwani gari halitembei juu ya meza. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Badilisha zote mbili kwa pamoja, maana mpya na kuukuu hutembea kama mtu aliyevaa kiatu mguu mmoja na ndara mguu mwingine. Ukishazitia, zipime ukutani. Sisemi kila kipya ni kibaya; yako magari yaliyoundwa na taa nyeupe, na nyumba ya taa zao, yaani kile kikombe na kioo chake, inajua kuutuliza mwanga wake. Langu mimi liliundwa kwa balbu ya kawaida, na ukilitia hizi za samawati mwanga utatawanyika kila upande kama kuku waliofunguliwa bandani. Hivyo ndivyo nidhanivyo. Na naweza kuwa nimekosea, ingawa sijazoea.

Kwa hiyo sitakukatalia. Macho yangu nayo yameingia ukungu, unajua. Urithi wa baba yangu haukuwa gari peke yake. Ufunguo lazima nimpe mtu, na umeniomba wewe, na mimi nakutaka wewe, kwa sababu una mkono wa usukani kama wangu na ulimi kama wangu. Leo tukishaswali Magharibi, tia hizo balbu zako ulizozipenda, uwashe, ukae ndani. Mimi nitasimama karibu na ule mnazi na bakora ya baba. Nitakujia.

Nikipotelea mihogoni, utazima uje unitoe, na kesho asubuhi tutakwenda Ukunda pamoja, mimi nimefunga balbu ya zamani pindoni, kisha utawasha tena na mimi nitakujia tena. Na siku nitakapofika nikaweka kiganja juu ya boneti, ufunguo ni wako, na msikitini watasikia dereva wangu ni nani.

Mwenyezi Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe macho ya kuona mbali na moyo wa kumwona aliye karibu. Na kila utakayepishana naye barabarani, awe mzee, awe mama na kuni zake, afike kwao salama, hata asijue ni gari gani lililompita.