Neno Nililoandika Pembeni mwa Fishi

Siku ya kwanza kazini, mkuu wa mapokezi wa kliniki yetu ya Remera alinikabidhi rundo la fishi, zile kadi ngumu za wagonjwa, akasema, "Majina yanafanana. Hapa pembeni andika mtu anavyoonekana: mzungu, mhindi, chotara. Daktari amjue mara moja."

Nilikuwa nimerudi Kigali kutoka Bukoba nilikokulia, na kazi niliitaka sana. Nikaandika miaka kumi na tisa bila kujiuliza. Mtu kazaliwa Nyamirambo, mtaa wa hapa hapa Kigali, babu yake kazikwa huko huko, mimi nambandika "mhindi" na kuita anayefuata. Nilijiona hodari, ndugu zanguni.

Adhuhuri moja aliingia mwanamke mweusi kama mimi, kandambili miguuni, mgongoni kambeba mtoto mweupe mwenye nywele laini. Mtoto alikuwa na homa kali na degedege. Sikumuuliza yeye ni nani. Niliandika: "Chotara, kaletwa na yaya."

Daktari alitaka kumchoma mtoto sindano ya uti wa mgongo, atoe maji ya kupima, na kipimo hicho hakifanywi bila saini ya mzazi. Muuguzi akaisoma fishi, akamtaka yule mwanamke awapigie simu wazazi.

"Mama yake ni mimi."

"Dada, usitucheleweshe. Pigia bosi wako."

"Bosi gani? Huyu mtoto iko wangu! Nilimuzaa mimi!"

Nilisikia kila neno kutoka dirishani kwangu. Ningeinuka, ningekuwa nimekiri kosa. Nikakaa. Saa nzima ilipita mpaka jirani yake alipoleta cheti cha kuzaliwa.

Mtoto alipona, ila sikio la kushoto likawa halisikii. Daktari alisema labda ni ugonjwa wenyewe, labda ni ule ucheleweshaji.

Mkuu wa kliniki alipoitisha kikao, muuguzi alijitetea: "Niliisoma kwenye fishi." Fishi ikaletwa. Neno "yaya" halikuwepo, kwa kuwa asubuhi ya kikao nilikuwa nimeandika mpya na kuichana ya zamani. Nikaulizwa kama nina la kusema. Nikasema sina. Muuguzi akapewa barua ya onyo.

Ninyi mnaoandika kwenye kompyuta sasa, muulizeni mtu jina lake, na mtoto huyu ni nani kwake. Mimi nimestaafu, naishi Kibagabaga, na aibu hii haijastaafu. Yule muuguzi tunasali kanisa moja. Kila Jumapili ananikumbatia, ananiita dada. Mpaka leo anaamini kwamba siku ile alisoma vibaya.