Makaa ya Chetezo

Enzi za ruksa, maduka ya Chang'ombe yetu ya bara yalipojaa vitenge na sabuni za kunukia baada ya miaka ya kupanga foleni, familia moja ya Pangani ilikuja kufungua duka la nguo. Kijana wao akanipenda, nami nikampenda. Baba yangu, mfugaji wa huko Buigiri, akagoma kujibu posa.

"Watu wa pwani wana dharau," alisema. Alikuwa na kisa alichorithi kwa babu yake: misafara ya pwani ilipokuja na nguo na shanga ilipiga kambi visimani kwetu, ikalipia maji, na ilipokwisha kuyanywa ikatucheka kwa ngozi tulizovaa. Kicheko cha watu waliokufa zamani kilimkera Baba kama amekisikia jana.

Mwishowe akakubali kwenda kula kwao, awaone kwa macho yake. Tulilishwa pilau hadi tukashindwa kuinuka. Kisha mama wa kijana akaja na chetezo, udi unafuka juu ya makaa, akainama mbele ya Baba ili afukize nguo zake kama wafanyavyo wageni huko pwani. Baba akatoa kiko mfukoni. Akachukua kaa jekundu kwa vidole vyake vya mchungaji, akawashia, akalirudisha.

"Ahsante, mama," akasema, akapuliza moshi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nyuma ya pazia mabinti wa nyumba ile walijibana wasicheke, wakashindwa. Mchumba wangu naye aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Yule mama peke yake hakutabasamu. Alisubiri hadi kiko kikakolea moto, ndipo akaondoka na chetezo chake. Hata yeye sikuweza kumtazama usoni.

Njiani Baba alikuwa mchangamfu, jambo la nadra kwake.

"Umeona?" akaniuliza. "Kwetu moto wa kiko mzee huletewa na mtoto. Huyu ni mtu mzima, mwenye duka lake, kaniletea mwenyewe, tena kainama. Hawa babu hakuwajua. Waambie nimekubali."

Nilijua nikimweleza udi ulikuwa wa nini, posa imekufa palepale. Uso uliniwaka kwa aibu, nikakaza mwendo.

"Na wale mabinti wa nyuma ya pazia," akaendelea, "wana furaha sana, eh?"

"Ndiyo, Baba," nikamjibu. "Wana furaha."