Shingo ya Baba

Baba yangu ni mtu mbaya. Nalisema hili mapema, kabla sijafika kwenye habari ya mkono wake uliopooza, kwa sababu watu wakishasikia neno kiharusi huanza kumwonea huruma, na yeye huruma za watu anazitafuna kama karanga.

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba, Nyakato. Nina presha. Daktari aliniambia nitafute kitu cha kunituliza, ikiwezekana kitu cha kufanya kwa mikono. Mke wangu alipendekeza kwaya, ingawa ameshanisikia nikiimba. Wenzangu kazini walipendekeza bia. Mimi nikachagua wembe.

Sizungumzii zile nyembe za dukani za kutumia na kutupa. Ni wembe wa zamani, wa kukunja, wenye mpini wa pembe. Nilikuwa nimewaona kwenye simu wanaume wa nchi za mbali wakijipaka povu polepole na kujinyoa kana kwamba hakuna anayewasubiri, nikawaonea wivu. Wa kwangu niliupata Mkuyuni, kwa muuza vyuma chakavu, umelala kati ya koleo na vitasa. Aliniuliza kama nina mbuzi wa kuchuna.

Wiki za kwanza nilikwenda kazini shingo imebandikwa vipande vya karatasi ya chooni. Mlinzi wa getini akaniuliza mbele ya watu kama mke wangu amefuga kucha. Sikuacha. Nilijifunza kuunoa wembe kwenye jiwe, kisha kuulainisha kwenye mkanda wa ngozi niliouning'iniza kwenye nondo ya dirisha. Nilijifunza kuvuta ngozi kwa vidole, kuulaza wembe, kufuata ndevu zinakoelekea, na mwishoni kupitisha shabu iliyolowa maji ili vijeraha vifunge. Kila Jumamosi asubuhi nilisimama barazani mbele ya kioo, maji ya moto kwenye beseni, na kwa muda ule hapakuwa na mtu wa kuniuliza magunia yamepungulia wapi. Presha ilishuka kweli.

Lakini sikuchagua wembe kwa sababu ya presha peke yake. Mama alipofariki tulimzika kijijini, upande wa Bujora, na kwetu baada ya mazishi wafiwa hunyolewa nywele. Baba, kama mwenye mji, ndiye aliyekuwa na wembe, na ndiye wa kuchagua mtoto wa kumsaidia kunyoa. Mimi ndiye mkubwa. Nilinyoosha mkono mbele ya wajomba, mashangazi na wakwe. Akaupitisha wembe juu ya bega langu, akampa mdogo wangu.

"Huyu mikono inatetemeka," akasema. "Atatuongezea msiba."

Watu walicheka. Tulikuwa tumetoka kumfukia mama yangu, na watu walicheka, hadi shangazi mmoja akawa anafutia machozi ya aina mbili khanga ileile. Mdogo wangu akaninyoa. Aliniachia kishungi nyuma ya sikio, nikarudi nacho mjini.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja: baba anipe kichwa chake nimnyoe, mara moja tu, aone mikono yangu. Ni haja ya kitoto kwa mtu mwenye mvi. Najua, lakini nilikuwa nayo.

Kiharusi kilipompiga, aliletwa kwangu. Mdogo wangu anauza injini za boti na ana nyumba kubwa karibu na ziwa, ila alisema nyumba yake ina ngazi, mzee atapata shida. Ngazi zenyewe ni tatu. Yeye alikuwa akija Jumapili na soda na mashine ya kunyolea ya kuchaji, anampitishia baba kidevuni huku anaongea na simu. Akisema shikamoo, baba alimjibu, "Marahaba baba, umeamkaje?" Mimi niliyemwogesha asubuhi hiyo nikisema shikamoo, alikohoa.

Jumamosi alikaa barazani kwenye kiti cha plastiki, akinitazama ninavyojinyoa.

"Mwanamume mzima anajipikia sabuni," alisema. Au, "Ukimaliza kujipamba, bibi harusi, uniletee uji."

Mara kadhaa nilimwambia, "Baba, karibu nikunyoe." Aligeuza uso akatazama ziwani, hata siku za ukungu ambapo ziwa halikuonekana.

Kisha mdogo wangu akapata kazi ya kufunga injini Ukerewe, Jumapili zikapita bila yeye kuja. Ndevu za baba zikaota vibaya. Vichwa vya dagaa vilikwama humo tangu chakula cha mchana hadi cha jioni, na mke wangu akaacha kula barazani. Jumamosi moja, mimi nikiwa nakausha wembe, baba akasema, "Lete hicho kisu chako."

Nilidhani ananitania. Alikuwa ameshainua kidevu.

Nilimfunika taulo la moto. Nilipiga povu mpaka likasimama. Nilimpaka taratibu, mashavu, kidevu, shingo, nikaunoa wembe upya ingawa haukuhitaji. Nilimshika pua ili nifike juu ya mdomo. Maisha yangu yote sijawahi kumshika baba yangu pua, na nakiri kwamba niliikamata muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Halafu nikashuka shingoni. Ngozi ya mzee imelegea, lazima uivute, na chini yake mshipa unapiga waziwazi. Mkono wangu haukutikisika hata kidogo. Nilifurahi. Nilitamani wale wajomba wote wangekuwepo, na shangazi na khanga yake.

Hakutoka tone la damu. Nikampitishia shabu, nikampa kioo. Alijitazama, akajipapasa kwa mkono wake mzima. Nikasubiri. Mwishowe nikasema mwenyewe, na mpaka leo najionea aibu kwa sauti niliyoitoa.

"Umeona baba, mikono imetulia."

"Imetulia," akasema. "Unajua kwa nini nimekupa wewe shingo?"

"Kwa sababu nimejifunza."

"Mdogo wako nisingempa. Ile mashine yake sawa, haichinji mtu. Wembe huu, hapana. Yule nimemchapa sana, na yule hasahau. Yule ni mwanamume. Angeushika huu karibu yangu, ningeogopa." Akajipapasa tena, chini ya kidevu, palepale nilipokuwa nimepita. "Wewe nimekuchapa kuliko yeye. Lakini nilijua hutaweza."

"Kuweza nini, baba?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto.

"Niletee uji," akasema.

Nikampelekea uji. Ulikuwa na sukari, vilevile anavyoupenda.

Kesho yake mdogo wangu akatokea na soda zake. Aliukuta uso wa mzee unang'aa, akachukia.

"Kaka, umempa nini mzee?" akaniuliza. Kisha akaokota wembe kwenye meza, akaukunjua, akamsogelea baba. "Mzee wangu, hebu nikumalizie hapa chini ya sikio, kaka ameacha."

Sikuwa nimeacha kitu. Mkono mzima wa baba ulipanda haraka ukafunika koo. Mdogo wangu akacheka, akidhani ni mzaha, akaurudisha wembe mezani. Baba naye akacheka, lakini mkono hakuushusha mpaka mimi nilipoukunja wembe na kuutia mfukoni.

Sasa mashine ya kuchaji haina kazi tena. Mdogo wangu ananionea kijicho na anawaambia ndugu kwamba mzee siku hizi anamwamini kaka peke yake. Ndugu wananipigia simu kunipongeza. Nawashukuru.

Kila Jumamosi baba ananitangulia barazani. Namfunika taulo, nampaka povu, naunoa wembe mpaka unakata unywele uliosimama. Analaza kichwa nyuma, ananiachia shingo yote, anafumba macho, na kabla sijamaliza shavu la kwanza anakoroma.