Dakika Kumi na Mbili za Mpishi

Laiti ningelimwambia meneja kwamba siwezi. Badala yake nilisema, "Niachie mimi," nikakubali kuruka dakika kumi na mbili za filamu ya Kibengali ambayo sikuelewa hata neno lake moja.

Nilikuwa fundi wa mashine katika sinema ya hapa mtaa wa Hamriya, huku Uarabuni. Siku ya kwanza kazini, fundi mkuu alinikalisha mbele ya mikanda mizito, akanambia, "Wewe hutazami filamu. Unatazama mwanga." Nikalishika hilo. Hata filamu zilipoanza kuja ndani ya diski, na ufunguo wake, yaani namba za siri zinazoifungua kwa siku maalumu tu, mimi niliendelea kutazama mwanga.

Miaka yangu ya mwisho tukawa tunaonesha filamu mpya za Kibengali kila Ijumaa asubuhi, kwa wafanyakazi wa kutoka Bangladesh. Zilinichanganya. Ya upelelezi, maiti iko sakafuni, ukumbi mzima unacheka. Ya kuchekesha, watu kimya kama wanasubiri hukumu. Nilimuuliza Jalal, mpokea tiketi mlangoni, Mbengali aliyeokota Kiswahili kwetu.

"Arbab," alisema, maana ndivyo wanavyowaita wakubwa wa kazi, "kwetu mpelelezi asiyechekesha nani atamwamini?"

Ijumaa moja filamu ilikuwa ndefu. Meneja akapanda chumba cha mashine.

"Ami Khalfan, watu watachelewa sala. Punguza dakika kumi na mbili."

"Nipunguze wapi?"

"Popote penye upuuzi. Si ya kuchekesha hiyo?"

Kuruka ni kazi ndogo: unaweka alama ya mapumziko, kisha unaiamuru mashine ianzie mbele zaidi. Nikachagua mahali ambapo mpishi anamgombeza shangazi juu ya sahani za samaki, na mpelelezi kajificha kabatini na paka. Nikamuonesha Jalal.

"Hapo usiguse, arbab. Mpishi analalamika kaosha sahani saba. Nyumba ina watu sita. Huyo wa saba ndiye muuaji."

"Mbona hapo ni pa kuchekesha tu?"

"Watacheka, na watahesabu."

Nikaona ananifanyia mzaha. Nikaruka.

Mwishoni mpelelezi alifungua mlango wa stoo, akatoka mtu ambaye ukumbi mzima haukujua katokea wapi. Watu wale siku yao ya kupumzika ni Ijumaa tu. Walimzunguka meneja mlangoni, kila mtu anasema lake. Alipowatuliza akaniita, na Jalal amesimama pale pale.

"Nani kakwambia pale hapana maana? Wewe Kibengali hujui."

Nikasema, "Jalal."

Jalal aliniangalia kama mimi nilivyokuwa nikiziangalia filamu zao.

Mkataba wake ulikatwa mwezi ule ule, akarudishwa kwao. Mimi nilistaafu kwa hafla na keki. Sasa nakaa nyumbani nazitazama filamu hizo zikiwa na maandishi ya Kiarabu chini, na bado nachanganyikiwa, sijui nicheke wapi. Nyinyi mnaoingia kazi hii, kama hamjui lugha ya filamu, msiiguse.

Nnampigia Jalal nimuombe radhi. Simu inaita, hapokei. Kwa neno langu moja yeye alipoteza kazi, na mimi nikampoteza mtu pekee aliyekuwa akinieleza kilichokuwa kikiendelea mbele ya macho yangu.