Fundi spika aliyebakiwa na sikio moja

Kabla hakujapambazuka, kifuniko cha birika la kahawa kinagongagonga jikoni. Wayne Kemppainen, fundi wa spika, anakaa ukingoni mwa kitanda na kuziba sikio la kushoto kwa kiganja. Kifuniko kinanyamaza. Anaondoa kiganja. Kinagonga tena.

Ndivyo anavyojipima kila asubuhi. Mkewe, Carol, ameacha kuuliza matokeo. Humletea kahawa na kusimama upande wake wa kushoto.

Wayne ana miaka hamsini na tisa. Alikata magogo kwa msumeno wa injini katika misitu ya kaskazini mwa Michigan hadi mgongo ukagoma, ndipo duka moja mjini Calumet likamchukua afunge runinga na spika za sinema ya nyumbani. Hulipwa dola kumi na tisa kwa saa, na bima ya matibabu ya Carol inategemea kazi hiyo. Sikio la kulia lilikwisha kufa. Hadi jana, dukani hakuna aliyejua.

"Sikio moja linasikia vizuri tu," anasema. "Tatizo ni kwamba halikwambii sauti imetoka wapi. Na kazi yangu mimi ndiyo hiyo, sauti itoke wapi."

Mwezi uliopita mteja mmoja alilalamika kwamba spika zake za nyuma zilibadilishwa nafasi, ya kulia ikawa kushoto. Mwenye duka, Rick Vairo, alimwambia Wayne kwamba lalamiko jingine likija, atatafuta fundi mwingine.

Alhamisi Wayne alibeba maboksi kwenye theluji hadi nyumbani kwa mume na mke, Emil na Lorraine Bozich. Lorraine alikuwa amekwisha kuzoa theluji kwa koleo njia nzima, na karibu na hita aliweka ndara zipate joto.

"Zivae tu," alimwambia. "Mwenyewe hazihitaji tena."

Mwenyewe ni Emil, aliyeendesha gari la kuondoa theluji barabarani maisha yake yote. Kisukari kimemla mguu, kikamla na macho. Wiki iliyotangulia alikataa kuendelea kusafishwa damu kwa mashine, na muuguzi akamweleza Lorraine kwamba hatamaliza wiki mbili. Kitanda kimehamishiwa sebuleni. Alichoomba Emil ni kusikiliza hoki ya barafuni huku kelele za watu zikitoka nyuma yake, kama alivyozoea uwanjani. Lorraine alichagua spika zisizovutwa waya hadi kwenye runinga, muuguzi asije akajikwaa.

Wayne aliweka spika tatu mbele na mbili nyuma ya kitanda, kila moja na soketi yake ya umeme, akaziunganisha na runinga kwa simu. Maikrofoni ya kupimia huwekwa mahali pa kichwa cha msikilizaji. Aliilaza kwenye mto, karibu na shavu la Emil.

"Inauma hiyo?" Emil akauliza.

"Haiumi, mzee. Usicheke tu, itanipimia kicheko."

Kisha Wayne akawasha rekodi ya majaribio, sauti ya treni ikipita, na kuzigusa spika za nyuma kwa viganja. Zote mbili zilitetemeka. Akaridhika.

"We Wayne," Emil akaita. "Treni yako imeruka reli."

"Vipi?"

"Imenipita kushoto, halafu imetokea nyuma kulia. Abiria wote wamekufa. Hukusikia?"

Wayne alizima treni. "Sikio la kulia halipo, mzee," akasema. "Tafadhali msimwambie Rick."

Hapo simu ya Lorraine ikalia. Vairo ana desturi ya kumpigia mteja fundi akiwa bado ndani. Lorraine alimtazama Wayne, kisha akaiweka simu mkononi mwa mumewe.

"Rick? Fundi wako hajamaliza, unamchelewesha. Malalamiko? Ninayo mengi, bwana, lakini si ya spika."

Wayne alibadilisha nafasi za spika mbili za nyuma. Kila moja ilipolia, Emil aliinua kidole upande ilikotoka sauti. Treni ikapita sawasawa.

"Hakuna aliyekufa," Emil akasema. Kisha akashusha sauti. "Lakini kesho utaingia nyumba nyingine, na mimi sitakuwepo kukusikilizia. Mwambie Rick mwenyewe."

"Atanifukuza."

"Labda. Sura yako siioni, Wayne, ila sauti yako ni ya mtu asiyelala."

Ijumaa Wayne alimwambia. Vairo hakumfukuza. Amemhamishia stoo, kwa nusu tu ya saa za kazi alizozoea, na kwa saa hizo chache bima ya Carol inakoma mwisho wa mwezi. Wayne anangoja kupimwa sikio. Amesikia kuna kifaa kinachochukua sauti upande uliokufa na kuileta upande ulio hai. Akikipata, ataomba arudishwe kwa wateja pamoja na fundi wa pili.

"Mimi nifunge, yeye asikilize," anasema. "Sioni aibu tena."

Leo ni Jumamosi. Anamaliza kahawa na kukaa na Carol hadi mchana, kisha anakwenda kwa Bozich na gari lake mwenyewe, bila vifaa. Ndara ziko karibu na hita. Kiti cha mgeni kimehamishwa upande mwingine wa kitanda, ili sikio zima la Wayne liwe upande wa Emil. Hakuna aliyemwomba Lorraine afanye hivyo.

Wanasikiliza hoki hadi filimbi ya mwisho. Sauti ya Emil imekuwa ndogo, na Wayne anainama kuipata.

"Tumefungwa?"

"Tumefungwa, mzee. Vibaya."

"Basi. Nimewasikia wakituzomea kila upande."

Wayne anainuka kuchukua koti. Emil anapapasa hewani hadi anaipata mikono ya Wayne.

"Njoo tena Jumanne," anasema. "Ukinikuta nimelala, washa tu, ukae. Kiti hicho Lorraine hatakiondoa."